Mtoto anayetibiwa kansa: homa yake haingoji asubuhi



Ni saa saba ya usiku. Mtoto amelala karibu yako. Unamgeuza, mkono wako unagusa paji la uso wake, na unasikia joto. Kila mama wa Tshangalele anajua la kufanya. Unachovya kitambaa katika maji na kumpangusa, unatafuta kidonge cha paracetamol, unaomba, halafu unangoja kuche. Asubuhi utampeleka kwenye kituo cha afya, watamtoboa kidole, wataangalia kama ni malaria. Ndivyo mama zetu walivyotulea sisi, na watoto wengi wamepona hivyo.

Lakini kuna mtoto mmoja ambaye kwake njia hii ni hatari. Ni mtoto anayetibiwa kansa. Kwake, zile saa tano au sita za kungoja jua litoke zinaweza kuwa ndizo saa zilizokuwa za kumwokoa. Juma hili tunataka kusema juu ya mtoto huyo, kwa maana anaweza kuwa wa nyumba yako, wa dada yako, au wa mama unayekaa naye katika kikundi. Na mama yake, usiku ule, hataweza kufanya yote peke yake.

Homa na malaria si kitu kimoja

Kwetu neno "homa" na neno "malaria" ni kama mapacha. Mtu akisema "mtoto ana homa," mwingine anajibu "mpe dawa ya malaria." Tuna sababu ya kufikiri hivyo. Tunakaa karibu na ziwa lililotokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, na penye maji mengi mbu nao hawakosi.

Lakini homa si ugonjwa. Homa ni kengele. Mwili unaipiga kusema: adui ameingia. Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa mafua, inaweza kuwa bakteria walioingia kwenye damu. Kwa mtoto mwenye nguvu zake, mwili hupiga kengele na wakati uleule hutuma askari kupigana. Kwa hiyo mara nyingi tunapata nafasi ya kutazama na kufikiri. Kwa mtoto wa dawa za kansa kengele inalia, lakini askari hawapo kambini.

Askari wa damu

Ndani ya mifupa yetu kuna uboho, na humo ndimo damu inamotengenezwa. Kati ya chembe nyeupe za damu kuna zinazoitwa neutrofili. Hizo ndizo askari wa kwanza kufika mahali bakteria wameingia. Hawaishi muda mrefu. Wakishaingia kwenye damu, wengi wao humaliza kazi yao kwa saa chache tu, si zaidi ya siku. Kwa hiyo uboho hauna mapumziko: usiku na mchana unatengeneza wengine.

Sasa, dawa za kansa zina kazi ya kuua chembe zinazozaana haraka, kwa sababu chembe za kansa zinazaana haraka. Lakini dawa haijui kuchagua vizuri. Inapiga pia mizizi ya nywele, na ndiyo maana mtoto anapoteza nywele. Inapiga ngozi laini ya mdomo na ya matumbo, na ndiyo maana mtoto anapata vidonda mdomoni na kuhara. Na inapiga uboho. Askari waliokuwa kwenye damu wanaisha, na wapya hawajaja.

Haitokei siku ileile ya dawa. Mara nyingi askari wanakuwa wachache kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa kuingia mshipani. Angalieni hatari ya hesabu hii. Siku ya dawa mtoto yuko hospitalini, kati ya madaktari. Siku ya kumi amekwisha kurudi nyumbani, anacheza uani, na wewe unafikiri yaliyo magumu yamepita. Kumbe ndiyo siku mwili wake uko mtupu kuliko siku zote.

Madaktari huhesabu askari hao kwa tone la damu. Mtu mwenye afya huwa na zaidi ya 1500 katika milimita moja ya ujazo ya damu. Wakishuka chini ya 500, hiyo ni hatari kubwa. Wakati huo bakteria wakiingia kwenye damu wanaweza kuenea mwili mzima, wakashusha nguvu ya damu, wakazima figo na mapafu, kwa saa chache tu.

Ugonjwa usiojionyesha

Hapa kuna jambo linalowadanganya wamama wengi, hata waliosoma. Tumezoea kutafuta mahali panapouma. Kidonda kikiwa na ubaya, kitavimba, kitakuwa chekundu, kitatoa usaha. Lakini usaha ni nini? Sehemu kubwa yake ni mizoga ya askari waliokufa vitani. Pasipo askari, hakuna usaha. Kidonda cha mtoto huyu kinaweza kuonekana kikavu na kidogo, huku ndani bakteria wanapita bila kizuizi. Kifua kinaweza kuwa na maambukizi bila makohozi mengi. Mara nyingi homa ndiyo alama ya pekee utakayopewa.

Na mara nyingine hata homa haiji. Watoto wengine, hasa wale wenye kansa ya damu, hupewa pia dawa za jamii ya kortizoni kama prednisoloni, na dawa hizo huweza kuficha homa. Kwa hiyo usiangalie joto peke yake. Mtoto akilegea ghafla, akitetemeka kwa baridi, mikono na miguu ikiwa baridi, akipumua haraka, akikataa kunywa, akisinzia usingizi usio wa kawaida, au ukimwona tu "si yeye", mchukue kama ana homa. Mama anamjua mtoto wake. Hayo macho yako ni kipimo pia.

Tuseme na neno moja juu ya lawama. Mtoto wa namna hii akipata maambukizi, mara nyingi watu wanatafuta wa kumhukumu. Shangazi atasema mama ni mchafu. Jirani atasema kuna mkono wa mtu. Ukweli ni kwamba mara nyingi bakteria hao si wa kutoka mbali: ni wale wanaokaa kila siku katika matumbo, mdomo na ngozi ya mtoto mwenyewe, kama wanavyokaa kwa kila mmoja wetu. Dawa ikishachubua ngozi ya ndani ya matumbo, wanapata mlango. Mama anaweza kunawa mikono mara mia na homa bado ikaja. Hilo si kosa lake. Kosa ni kungoja, na sisi majirani ndio mara nyingi tunaomwambia angoje.

Waliotangulia walijifunza kwa uchungu

Jambo hili wanganga hawakulijua tangu zamani. Katika mwaka 1966, huko Marekani, daktari Gerald Bodey na wenzake walihesabu chembe za damu za wagonjwa wa kansa ya damu na kuonyesha wazi: kadiri neutrofili zinavyopungua, na kadiri siku za upungufu zinavyokuwa nyingi, ndivyo maambukizi yanavyoongezeka.

Hata hivyo, desturi ya wakati ule ilikuwa kama ya kwetu. Homa ikija, walichukua damu, wakaiweka maabara ili bakteria waote, wakangoja siku mbili tatu wajue jina la adui ndipo watoe dawa. Wagonjwa wengi walifariki kabla jibu halijatoka. Katika mwaka 1971 daktari Stephen Schimpff na wenzake wa Baltimore walitangaza matokeo ya njia nyingine: mgonjwa mwenye askari wachache akipata homa, apewe antibiotiki zenye nguvu mara moja, kabla ya kujua jina la bakteria. Wagonjwa waliopewa dawa hivyo walipona kuliko wa zamani. Tangu hapo kanuni ni hiyo duniani kote: kwanza dawa, jina la adui baadaye. Leo hospitali nyingi zimejiwekea shabaha kwamba dawa ya kwanza iingie mshipani kabla saa moja haijaisha tangu mtoto kufika mlangoni.

Msifikiri hii ni habari ya Wazungu tu. Afrika yetu ina historia yake. Katika mwaka 1958, huko Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliandika juu ya watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, kansa ambayo leo inaitwa kwa jina lake, na ambayo inaonekana zaidi katika nchi zenye malaria nyingi kama zetu. Katika mwaka 1967 kilifunguliwa hapohapo Mulago kituo cha kutibu kansa hiyo, ambacho leo ni Taasisi ya Kansa ya Uganda. Hapo ilionekana kwamba mtoto mwenye uvimbe wa kutisha anaweza kupona kwa dawa peke yake. Na katika mwaka 2013 madaktari wa watoto kutoka nchi mbalimbali, pamoja na wa Malawi, Ghana na Afrika Kusini, walitoa mwongozo kwa hospitali zisizo na vifaa vingi. Nao wanasema lilelile: homa kwa mtoto wa dawa za kansa ni dharura, apewe antibiotiki bila kukawia.

Kwa hiyo hatuwaambii haya ili mwogope dawa za kansa na kumficha mtoto nyumbani. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 wanapata kansa. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 kwa kila 100 wanapona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Tofauti hiyo haitoki kwenye dawa za kansa peke yake. Inatoka kwa kuchelewa kugundua, kwa kuacha matibabu katikati, na kwa watoto ambao kansa ilikuwa inashindwa lakini wakachukuliwa na maambukizi. Katika mwaka 2018 Shirika hilo lilianzisha mpango ili ifikapo mwaka 2030 angalau watoto 60 kwa kila 100 wapone. Sehemu ya kazi hiyo iko Geneva na Kinshasa. Sehemu nyingine iko nyumbani kwako, saa saba ya usiku.

Unachofanya usiku ule

Kwanza, pima. Nyumba yenye mtoto wa dawa za kansa iwe na termometa, hata kama itabidi kikundi kichange. Mkono unaweza kudanganya. Weka termometa kwapani, ungoje mpaka ilie, kisha uandike joto na saa. Ikionyesha 38 au zaidi, usirudie mara tatu ukitumaini itashuka. Anza safari. Kama daktari wako alikupa hesabu nyingine, fuata ya daktari wako.

Pili, mpigie simu daktari au muuguzi wa mahali mtoto anapotibiwa. Namba iwe imeandikwa ukutani, si ndani ya simu tu, maana simu huzima. Lakini simu isipopokelewa, usikae kuingoja. Endelea na njia.

Tatu, nenda kwenye hospitali ya karibu yenye uwezo wa kutundika serumu na kutia antibiotiki mshipani, hata usiku. Hapa lazima tuseme ukweli juu ya mahali petu. Watoto wengi wa kansa wanatibiwa mbali, na kutoka Likasi mpaka Lubumbashi peke yake ni kilometa karibu 120. Kutoka vijiji vya kandokando ya ziwa kuna njia nyingine ya kufika Likasi kwanza, nayo wakati wa mvua mnaijua. Mama anayesema "nitampeleka moja kwa moja kule anakotibiwa" anaweza kumaliza nusu siku njiani bila mtoto kupata tone la dawa. Dawa ya kwanza itiwe karibu. Safari ndefu ifuate, kama daktari ataona inafaa.

Kwa hiyo, kabla homa haijaja, wakati mtoto angali mzima, muulize daktari: "Homa ikitokea nikiwa Tshangalele, niende wapi kwanza? Tafadhali niandikie barua." Barua hiyo iseme ugonjwa wa mtoto, dawa anazopewa, siku aliyopewa mara ya mwisho, na dawa ya kuanza nayo homa ikija. Muuguzi wa zamu ambaye hajawahi kumwona mtoto wa namna hii, akiisoma, atajua kwamba hujatia chumvi.

Usiyoyafanya

Kuna mambo tunayafanya kwa upendo ambayo kwa mtoto huyu ni hatari.

Usimpe paracetamol ili uone kama homa itashuka. Itashuka, ndiyo, na wewe utalala. Lakini bakteria hawajashuka. Umezima kengele tu, mwizi bado yumo nyumbani. Daktari akisema umpe baada ya kupima, sawa, lakini safari iendelee. Na aspirini au ibuprofeni usimpe kabisa bila daktari, maana dawa za kansa hupunguza pia chembe zinazogandisha damu, na dawa hizo zinaongeza hatari ya kutoka damu.

Usimpige bomba. Tunajua ni desturi katika nyumba nyingi: mtoto akiwa na homa au tumbo, bibi anachukua ile pwari ya mpira, anachemsha majani na kumwingizia nyuma. Kwa mtoto huyu ngozi ya ndani ya matumbo imekuwa laini kama karatasi iliyolowa. Ukiichubua, umefungua mlango kwa bakteria wote wa choo kuingia kwenye damu. Kwa sababu ileile, usimwingizie supozitwari, wala usipime joto kwa kuingiza termometa nyuma.

Usimchanje chale, na usikubali sindano ya makalio kwenye duka la dawa la mtaani. Kila tundu kwenye ngozi ni mlango.

Na usianze na chumba cha maombi ukafanya hospitali iwe ya pili. Hatusemi msiombe. Mungu hasikii pale chumbani tu. Omba ukiwa juu ya moto, omba ukiwa kwenye teksi, mchungaji aje kuomba pembeni ya kitanda wakati serumu inadondoka. Maombi hayazuiwi na safari, lakini dawa inazuiwa na kungoja.

Mlangoni mwa hospitali

Wamama wetu wengi wakifika hospitalini wanakaa kimya kwenye benchi, wanangoja kuitwa, kwa heshima. Usiku huo heshima iwe na sauti. Usiseme tu "mtoto ana homa," kwa maana utawekwa kwenye mstari pamoja na homa nyingine zote. Sema hivi: "Mtoto wangu anatibiwa kansa. Alipata dawa tarehe fulani. Ana homa ya 38 na nusu tangu saa fulani. Askari wa damu yake wanaweza kuwa wachache. Hii hapa barua." Na usimweke katikati ya watoto wanaokohoa. Omba kona ya pembeni.

Watampima malaria, na ni vizuri. Malaria ni lazima itafutwe. Lakini hapa kuna mtego ambao kila mama aujue: kipimo cha malaria kikionyesha "ndiyo," hiyo haimaanishi kwamba bakteria hawapo. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili pamoja. Kwa mtoto wa dawa za kansa, kupata dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani hakutoshi. Uliza kwa upole, lakini uulize: "Na antibiotiki ya mshipani, atapewa saa ngapi?" Watapenda pia kuchukua damu ya kuhesabu chembe. Ichukuliwe, lakini dawa isingoje jibu. Hilo ndilo somo la mwaka 1971.

Kulinda nyumbani

Hatuwezi kuzuia kila homa, lakini tunaweza kuzipunguza. Mikono ni ya kwanza: maji na sabuni kabla ya kumgusa mtoto, kabla ya kumlisha, baada ya choo, baada ya kutengeneza samaki. Hii ni kwa wote: baba akitoka mgodini, ndugu wakitoka shule, na mgeni kabla ya kumkumbatia.

Maji ya kunywa yachemshwe na yafunikwe. Bukari iliwe ya moto, ileile ya sasa, si kiporo cha jana. Sombe na lengalenga zipikwe ziive. Samaki wa ziwa apikwe mpaka ndani. Matunda yaoshwe kwa maji safi na yamenywe. Mdomo wa mtoto usafishwe kwa mswaki laini na asukutue kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo, maana vidonda vya mdomo ni mlango mkubwa. Alale chini ya chandarua kila usiku.

Anayekohoa au kuharisha akae mbali naye siku hizo. Na zaidi ya yote, tazameni surua na tetekuwanga. Tunakumbuka mlipuko wa surua ulioanza nchini mwetu mwaka 2019, uliochukua zaidi ya watu 6000, wengi wao watoto wadogo. Mtoto wa dawa za kansa akikaa na mtoto mwenye surua au tetekuwanga, mwambie daktari siku ileile, usingoje vipele vitoke. Yeye mwenyewe asipewe chanjo yoyote bila daktari wake kukubali, kwa maana chanjo nyingine, kama ile ya surua, zina virusi hai vilivyodhoofishwa. Ndiyo sababu ndugu zake na watoto wa majirani wapewe chanjo zao zote: wao ndio ukuta wake.

Kazi ya kikundi

Sasa tujiulize sisi wenyewe. Kwa nini mama anangoja asubuhi? Mara nyingi si kwa kutojua. Anangoja kwa sababu hana franka za moto usiku. Anangoja kwa sababu hospitali itadai malipo ya kuingilia. Anangoja kwa sababu papa yuko ziwani kuvua au yuko mgodini, na hathubutu kuondoka bila ruhusa yake. Anangoja kwa sababu ana watoto wengine wanne wamelala, na hakuna wa kuwaangalia.

Mambo haya manne hakuna daktari anayeweza kuyatibu. Sisi tunaweza.

Tunajua likelemba. Kila juma mmoja wetu anapokea. Kikundi chenye mama wa mtoto wa kansa kinaweza kukubaliana kuweka pembeni kiasi kidogo ambacho hakiguswi kwa arusi wala kwa kilio, ni cha usiku wa homa tu. Mtunza fedha awe mtu anayefungua mlango akigongewa saa nane. Mtafute mwenye moto mmoja wa karibu, mwaminifu, mkubaliane naye bei mapema, awe na namba za kikundi. Achaguliwe mama mmoja wa kulala na wale watoto wengine, na mwingine wa kumsindikiza, maana mtu mmoja hawezi kushika mtoto, mfuko, barua na pesa pamoja. Na papa aitwe mapema, aelezwe vizuri, aseme mbele ya mashahidi: "Homa ikija nisipokuwepo, usiningoje."

Mfuko uwe tayari nyuma ya mlango: barua ya daktari, kitabu cha hospitali, termometa, kitenge cha kujifunika, maji yaliyochemshwa, chaja ya simu, na pesa za safari.

Kama hakuna mtoto wa kansa katika kikundi chenu leo, mshukuruni Mungu, lakini msitupe karatasi hii. Wekeni mahali pa kuonekana. Kesho dada mmoja anaweza kurudi kutoka Lubumbashi na mtoto asiye na nywele, na wote watamwangalia kwa huruma bila kujua wamsaidie namna gani. Ninyi mtajua.

Kipande cha kukata na kubandika ukutani

Mtoto wangu yuko kwenye dawa za kansa.
Joto la 38 au zaidi, au amelegea ghafla: tunaondoka sasa, hata usiku.
Napima kwapani, naandika joto na saa.
Simpi paracetamol ili kungoja. Simpigi bomba. Simwingizii kitu nyuma.
Naenda hospitali ya karibu yenye antibiotiki ya mshipani. Nachukua barua.
Nasema kwa sauti: "Anatibiwa kansa."
Malaria ikionekana, bado naomba antibiotiki.
Namba ya daktari: ____________
Namba ya mwenye moto: ____________
Namba ya mama wa kikundi: ____________

Jazeni zile nafasi tatu kabla hamjalala leo. Usiku mwema, wamama, na Mungu awalinde watoto wetu.